Ukuta Uliokimbia

Jumatatu, 4 Machi

Siku imeanza vibaya. Nimerudi kutoka kufagia maofisi, kiuno kimekaza, nikamkuta binti yangu Kijiko amekaa sakafuni, kijiko mdomoni kama kawaida yake. Nikamnyooshea mikono. Akageuza shingo, akamtazama bibi yake, akasema, "Mama."

Bibi yake ndiye mama mkwe wangu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema nisikasirike, mtoto humwita mama yule anayemwona akifumbua macho. Sikukasirika. Niliingia tu chooni nikafungulia bomba ili sauti isitoke nje.

Tumbo langu, uchungu wangu, jina kapewa mwingine. Na kisa ni hii kazi ya ufagio. Natoka nyumbani majogoo bado wanasafisha koo.

Jioni nikaenda bwawani. Mume wangu ni fundi wa pampu pale, kwa hiyo familia nzima tunaingia bure. Mimi na dada yake, yaani wifi yangu, tumo katika kundi la wanawake. Kocha tunamwita Filimbi, maana filimbi yake haivui hata akila. Akatukusanya. Mwalimu wa watoto anahama na mumewe, nafasi iko wazi. Kazi yenyewe inaanza jua likishapanda, na mwenye mtoto mdogo anaruhusiwa kuja naye.

Masikio yakanisimama kama ya sungura.

Akasema ana watu wawili kichwani: mimi na wifi. Atatutazama Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya mashindano ya klabu, kwenye mbio za mgongo, kwenda na kurudi. Anataka kuona tunavyoanza, tunavyogeuka na tunavyomaliza. Halafu akanigeukia mbele za watu, akasema katikati ya bwawa mimi ni samaki, ila nikifika ukutani nageuka gunia la viazi.

Wote wakacheka. Wifi peke yake hakucheka.

Hapo nikajua ana mpango.

Jumanne, 5 Machi

Nimeamua kujifundisha mwenyewe, kwa siri.

Leo kuanza. Mbio za mgongo hazianzi juu ya jukwaa, zinaanza ndani ya maji. Unashika chuma, miguu unaipachika ukutani, unajivuta juu kama chura aliyesikia habari mbaya. Filimbi ikilia unajirusha kinyumenyume, mgongo umepinda kama upinde, mikono inatangulia. Wifi akijirusha huwezi kusikia hata chubwi. Mimi natua na makalio, kama mtu aliyevutiwa kiti.

Nyumbani hakuna bwawa ila kuna dirisha lenye nondo. Nikasogeza kitanda chini yake. Nikashika nondo, miguu ukutani, Kijiko nikampa sufuria awe mwanzishaji. Akigonga, najirusha kitandani. Mara ya kwanza, vizuri. Mara ya pili, vizuri zaidi, mtoto akapiga makofi. Mara ya tatu chaga zikakatika, godoro likazama, miguu yangu ikabaki imeelekea darini.

Mama mkwe akafungua mlango bila kubisha. Akanitazama. Akatazama kitanda. Akatazama dirisha lililo wazi. Akasema enzi zao watu walikuwa wanasubiri walau jua litue. Kisha akakumbuka kwamba mwanawe yuko kazini. Akainama, akachungulia uvunguni.

Nikamwambia nilikuwa nafanya mazoezi. Akasema haya. Hiyo "haya" yake ilikuwa ndefu kama barabara.

Mume wangu aliporudi akaunga chaga kwa kipande cha bomba la pampu. Hakuuliza kitu. Mume wangu haulizi. Ndilo lililonifanya nimpende, na wakati mwingine ndilo linalonifanya nitamani kumtikisa kama chupa ya dawa.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi ya jioni. Mwanzo wangu umeanza kunyooka, kitanda hakikufa bure. Kugeuka ndiko kunakoniua.

Tatizo ni hili. Anayeogelea kwa mgongo anatazama juu, ukuta uko nyuma ya kichwa chake, hauoni. Ndiyo maana karibu na ukuta pamepitishwa kamba juu ya maji, ina bendera ndogondogo, imefungwa kwenye nguzo mbili za pembeni. Bendera zikipita juu ya macho unaanza kuhesabu mikono. Mimi ni minne. Moja, mbili, tatu, na wa nne unajipindua kifudifudi, unajikunja, miguu inagota ukutani, unasukuma. Rahisi, kwa anayeamini hesabu.

Mimi nahesabu moja, mbili, kisha naingiwa na baridi. Nageuza shingo kutafuta ukuta. Mwili unasimama. Filimbi akasema mbio zangu hufia chini ya bendera kila siku, na akichoka kuzika ataacha.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wifi akanisogelea. Akaniambia polepole kwamba tatizo langu ni woga tu. Nisipoteze mwendo. Akasema nikitaka atasimama ukutani aweke kiganja chake, nikikosea nigonge mkono wake na si zege, mpaka nizoee.

Nikamshukuru, nikakataa. Mpinzani anaomba akushikie kichwa, na wewe umpe? Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini si kwa kulala.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata wazo. Lilinijia nikiwa napiga deki ngazi za watu, nikasimama na tambara mkononi mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Kama wifi anaziamini bendera kiasi hicho, basi bendera zisogee.

Mchana nikampelekea mume wangu chakula. Yeye alikuwa chini kwenye chumba cha pampu, amejilaza chini ya bomba, miguu tu inaonekana. Kijiko nimembeba mgongoni, amelala. Bwawa tupu. Nguzo za bendera zimesimikwa kwenye matairi yaliyojazwa zege, na tairi hata likijazwa zege linaburutika, ukiwa na sababu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Naziburuta hatua mbili kubwa kuelekea katikati, upande wa kugeukia. Wifi akipita bendera atahesabu vilevile, atajipindua mapema, atajikunja na miguu yake haitakuta kitu. Ataelea pale kama jani. Hakuna atakayeumia. Mimi ninayejua siri nitahesabu sita badala ya minne.

Nguzo ya kwanza nikaiburuta. Ikapiga kelele kama mbuzi. Nikasubiri. Kimya. Nikazunguka kwenda kwenye ya pili, na hapo nikasikia kandambili za Filimbi.

Kamba sasa imekaa mshazari. Nguzo moja huku, nyingine kule. Kipofu angeona.

Jasho likanitoka hadi kwenye nyayo. Mfukoni nilikuwa na nepi ya Kijiko, mbichi, nimetoka kuisuuza. Nikaitupa juu ya kamba katikati ya bendera, nikaanza kuinyoosha kwa utulivu wa mwanamke mwenye siku nzima mbele yake.

Filimbi akasimama. Miwani yake iko kwenye paji la uso, ndiko anakoivaa. Akainamisha kichwa, akatazama ile nepi kwa muda mrefu sana. Akaniuliza kama kwetu hakuna kamba. Nikamwambia joto la hapa linakausha upesi. Akasema hiyo ni kamba ya waogeleaji na si uwanja wa fundi na mkewe, na nikimaliza niondoe bendera yangu ya taifa. Akaenda zake.

Nikaitoa nepi kwenye kamba. Nikamalizia nguzo ya pili. Mume wangu akatokeza kichwa, akaniuliza chakula kiko wapi.

Ijumaa, 8 Machi

Jioni tukaingia majini wote. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilitaka kuona.

Wifi akaondoka vizuri, hana hata chubwi. Bendera zikapita juu yake. Moja, mbili, tatu, akajipindua, akajikunja, miguu ikarushwa nyuma. Hewa. Maji tu. Akabaki amekunjamana pale katikati kama mtu anayetafuta pete.

Moyo wangu ulicheza ngoma. Uso nikaukaza kama wa mtu aliyefiwa.

Furaha yenyewe haikumaliza hata kikombe cha chai. Wifi akaibuka, akacheka peke yake, akatazama bendera, akatazama ukuta. Akarudi. Safari ya pili akahesabu upya, akaongeza mikono, akagota ukutani barabara. Amebadilisha hesabu kama mtu anayebadilisha kandambili.

Waliobaki ndio walioangamia. Nesi, mwenzetu mwenye mwili, alijipindua mapema akameza maji akasema maneno ambayo sikudhani nesi anayajua. Filimbi akapandisha hasira. Akasema leo hakuna mbio, ni kugeuka tu mpaka tumkome. Tukageuka mpaka nikaona bendera nikifumba macho.

Kwa hiyo matokeo ya mpango wangu ni kwamba wifi amepata jioni nzima ya kujinoa.

Lakini na mimi pia. Sita. Sita. Sita. Nikijua siri siogopi ukuta. Ajabu. Sijageuza shingo hata mara moja, na Filimbi akasema gunia limeota miguu.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya kuwa nyumbani. Nimemwogesha Kijiko, nimemlisha, nimemwimbia, nimemwonyesha kifua changu nikasema, "Mama." Akanyoosha kijiko chake kumwelekea bibi yake. Nikamshika kidevu kwa upole nikamrudisha kwangu. "Bibi yule. Mama huyu." Akanitia kijiko puani.

Sikukata tamaa. Mtoto hafundishwi kwa siku moja, na mimi sina haraka, nina hofu tu. Kila asubuhi inayopita bila mimi inamfundisha lingine.

Wifi akawa anamsuka mtoto. Ana mikono myepesi, Kijiko alisinzia kwenye goti lake. Nikamuuliza, kama sijali vile, kazi ya bwawa anaitakia nini, na ana kazi yake nzuri kwenye duka la viatu. Akasema dukani miguu yake huvimba, na siku nzima anatazama miguu ya wengine. Akasema angependa kazi ambayo watu wanacheka ukiwa nao. Kisha akaniuliza mimi je. Nikasema nataka kubadilisha hewa.

Sijui kwa nini sikumwambia ukweli. Labda kwa sababu angenihurumia. Huruma ya mpinzani ni kama kuazima mwavuli wake. Utaurudisha vipi?

Mama mkwe akasema, bila kuulizwa, kwamba kazi ikienda kwa wifi au kwangu imekuja nyumba hii hii, kwa hiyo tunagombania nini. Wazee wana tabia ya kuingilia mambo kwa kutumia akili.

Jumanne, 12 Machi

Ningependa siku hii isiandikwe.

Nilikwenda kumpelekea mume wangu chakula nikakuta darasa la watoto liko majini. Yumo mmoja wanamwita Meno, kwa sababu ya mbele hana. Mdogo kama chapati iliyobaki, lakini yumo kwenye orodha ya mashindano ya Jumamosi. Akaja kwa mgongo, macho juu, midomo inahesabu. Bendera zikapita. Akafika tano yake, akajipindua, akajikunja. Hakuna ukuta. Akaibuka anakohoa.

Wenzake wameshajirekebisha, wanaongeza mikono wanafika. Meno hakubali. Mwalimu alimwambia tano, basi ni tano. Akarudi akajaribu tena. Tano. Hakuna ukuta. Akarudi tena.

Mwishowe akashika kamba ya njia, ile inayotenganisha waogeleaji, akalia. Alilia kwa sauti ya kweli, si ya deko. Akasema ukuta umekimbia.

Watoto wengine wakaangua kicheko. Filimbi akachuchumaa, akamwambia ukuta haukimbii, ni yeye anayekata hesabu. Meno akasema amehesabu. Filimbi akasema akihesabu vizuri ataukuta. Akamwambia mama yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na taulo mapajani, kwamba kama mpaka Ijumaa hajaupata, Jumamosi atakaa nje atazame wenzake.

Yule mama alikunja taulo. Akalikunjua. Akalikunja tena. Mimi najua hilo kunjo.

Nikaacha chakula mlangoni nikaondoka. Mume wangu anasema alikikuta kimeliwa na paka.

Jumatano, 13 Machi

Nimejiambia yafuatayo. Kwanza, mtoto mkaidi si kosa langu. Pili, Meno ana miaka mingi ya mashindano mbele yake. Tatu, mimi nina binti mmoja tu na muda wake unapita.

Yote ni kweli. Chakula kimenikataa.

Jioni mazoezi. Nimegeuka kwa sita vizuri kuliko siku zote. Nimemshinda wifi kwa mara ya kwanza tangu nianze kuogelea. Filimbi aliivua filimbi mdomoni. Akasema nikiogelea hivi Jumamosi hatakuwa na swali.

Ndiyo kusema nikizirudisha bendera ninarudi kuwa gunia. Nikiziacha, kazi ni yangu, na yule mtoto anakaa kwenye benchi akiamini kwamba hajui kuhesabu.

Nimembeba Kijiko muda mrefu kuliko alivyotaka. Akanisukuma.

Ijumaa, 15 Machi

Nimezirudisha.

Mchana, kabla watoto hawajafika. Nilishika nguzo ya kwanza nikaanza kuburuta, nikasikia mtu nyuma yangu. Mume wangu. Amesimama na spana, amelowa mafuta mpaka kwenye nyusi. Nikatafuta nepi mfukoni, sikuwa nayo.

Nikamwambia nilidhani nguzo imekaa vibaya. Akaitazama. Akasema imekaa vibaya tangu wiki iliyopita, alidhani Filimbi ana hesabu zake. Kisha akaweka spana chini, akashika tairi upande wa pili, tukaburuta pamoja. Kwenye sakafu kulikuwa na alama ya duara ambapo tairi lilikaa miaka yote. Tukaliweka juu yake. Tukaenda ya pili. Hakuuliza. Nilimtazama mgongo wake akirudi chini nikataka kumwita.

Nikajibanza mlangoni mwa chumba cha pampu. Meno akaja. Macho juu, midomo inahesabu. Bendera. Tano. Akajipindua, na nyayo zake zile ndogo zikagota ukutani, pa, akaondoka kama aliyerushwa na manati.

Alipoibuka hakushangilia. Alimtazama Filimbi tu, kwa jicho la mtu aliyekuwa anadai haki yake.

Filimbi akasema unaona, ukihesabu vizuri unaukuta. Nilitamani kumtupia spana.

Kesho ni minne. Minne, si sita. Nimejiambia nikipika, nikifua, nikimfunga mtoto nepi. Minne.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika kwa jicho moja. Jingine limevimba pamoja na upande wake.

Asubuhi Filimbi aliwaambia wote waingie majini kuupima ukuta kabla ya mbio. Akasema mtu asiamini hesabu ya jana. Wifi akaingia, akaenda akarudi, akaenda akarudi. Mimi sikuingia. Nilikaa chumba cha kubadilishia nguo, Kijiko mapajani, natunza nguvu. Tena sikutaka mtu auone mwanzo wangu mpya. Silaha haionyeshwi kabla ya vita.

Meno aliingia wa tatu kwenye mbio za watoto. Mama yake alilitupa taulo juu likaangukia majini.

Halafu sisi. Tulikuwa wanne, mimi na wifi njia za katikati. Nikashika chuma. Maji baridi. Miguu ukutani. Nikamwona mama mkwe kwenye ngazi za watazamaji, amempakata Kijiko. Mtoto ameinua kijiko.

Filimbi ikalia. Nikajirusha, na safari hii hata mimi sikusikia chubwi. Niliingia kama sindano kwenye kitambaa. Nikaibuka natangulia. Nikipiga mkono naona dari, naona taa, naona maji yanayopasuka, na pembeni mkono wa wifi uko nyuma ya wangu. Nyuma. Pumzi ipo. Miguu ipo. Minne, minne, minne.

Bendera zikapita.

Moja. Mbili. Sikuogopa, sikugeuza shingo, sikupoteza mwendo. Tatu. Nne. Hapo kichwa kilijua. Lakini mikono ilikuwa imefundishwa wiki nzima, na mikono haisikii la kichwa. Mkono wa tano ukaanza kupanda, nami nikiutazama kama mtu anayetazama kikombe kikidondoka mezani.

Bendera nilizirudisha. Mikono sikuirudisha.

Ule mlio niliusikia kwa ndani. Watu wanasema waliusikia kwa nje pia, hadi kwenye ngazi za juu.

Nikaona vimulimuli. Nikasikia wifi anaita, "Wifi, kichwa." Nikamwona amesimama. Alikuwa ameshageuka, ameshasukuma, yuko mbele, na amesimama. Akapita chini ya kamba akaingia njia yangu, akanyoosha mkono kunishika.

Mimi nikaona kitu kimoja. Wifi haogelei.

Nikapachika miguu ukutani nikasukuma. Nilimpita akiwa bado amenyoosha mkono. Kurudi sikumbuki. Nakumbuka dari inazunguka na njia inapinda. Filimbi alinifundisha kumaliza bila kutafuta ukuta, mkono unyooke tu, kichwa kilale, ukuta utakuja. Nilimaliza hivyo, kwa sababu sikuweza kuona chochote. Mkono ukagusa. Wa kwanza. Nesi wa pili, akanipita hata bila kupumzika akaenda kutafuta barafu.

Filimbi akanivisha medali nikiwa nimeshikiliwa pande mbili. Akasema hajapata kuona mwanzo mzuri hivyo kwangu, wala mwisho mzuri hivyo. Kisha akamwita wifi, akamwambia aanze Jumatatu.

Nilidhani ni kichwa changu. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamuuliza vipi, na mimi ndiye niliyeshinda. Akasema ndiyo, nimeshinda, na medali ninayo. Ila yeye anatafuta mtu wa kukaa na watoto majini, na leo ameona nani husimama kichwa cha mwenzake kikigonga ukuta. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana liliniingia.

Nilirudi nyumbani nimebebwa na mume wangu kama godoro.

Jumapili, 17 Machi

Nundu ni kubwa kama limau. Kijiko ameipenda. Ameigusa kwa kijiko, taratibu, akanipuliza kama ninavyompuliza akiumia, akasema, "Mama." Akatazama vizuri kama bado ni mimi. "Mama."

Nililia, nundu ikauma, nikaendelea kulia.

Wifi akaja na chai. Akaketi ukingoni mwa kitanda, kwa uangalifu, kwa sababu ya chaga. Akasema siku ile bendera zilipokuwa mbali niligeuka vizuri sana. Akanitazama. Nikakohoa. Akasema basi, yamepita.

Kisha akasema nafasi yake ya duka la viatu iko wazi. Duka hufunguliwa mtoto akishaamka, akishakula, hata akishasuguliwa mafuta. Ameshazungumza na mwenye duka. Angeniambia mapema, ila nilisema nataka kubadilisha hewa, na duka halina hewa. Nikamshika mkono. Nilikuwa na mengi ya kusema, nikasema ahsante.

Alipoondoka nikakaa nikafikiri. Mbona mwema hivyo? Na kule majini, alisimama kweli, au alijua Filimbi anatazama? Kama alijua, basi mwanamke huyu ana akili kuliko nilivyomdhania, na ni heri nijifunze kwake. Nimeazimia mtu yeyote akijikwaa karibu yangu nitasimama, mradi pawe na watu.

Kazi ya duka naitaka kufa na kupona. Lipo jambo moja tu. Mwenye duka ana mtu mwingine pia, binti mwenye nyusi za kuchora, na atatujaribu wote wawili. Mteja akitaja saizi yake, anayeleta kiatu upesi ndiye anayebaki. Wifi anasema nisihofu, ameahidi kunifundisha rafu zote kesho, moja moja, mpaka nizijue gizani.

Nimemwambia asijisumbue. Jana, wakati wananipitisha pale dukani tukitoka bwawani, nilichungulia kwa jicho langu zima. Vile vibao vya namba kwenye rafu havijapigiliwa misumari. Vimeegeshwa tu. Ukivigusa, vinasogea.